Kamera na Ukweli

Je, kamera husema kweli? Swali hili humkabili anayejifunza kupiga picha za filamu tangu somo la fremu. Lenzi hunasa kilicho mbele yake, lakini fremu hukata, na kilichoachwa nje hakina wa kukitetea. Mtu akipigwa picha kutoka chini huonekana mbabe. Kutoka juu, mnyonge. Jaribio maarufu la Mrusi Lev Kuleshov lilidai zaidi: uso uleule, ukiunganishwa na bakuli la supu au jeneza, husomwa kama njaa au huzuni. Basi hata msaidizi wa kamera na fundi taa (kazi ambazo wengi huanzia) wana sehemu ya dhamana. Kubwa zaidi ni ya mpiga picha mkuu na mwongozaji, wanaoamua lenzi ielekee wapi.