Neno la Mwenye Kuposa

Vijana wengi wanaotaka kuoa hutafuta maneno mazuri ya kumwambia mchumba, kana kwamba kuposa ni mashindano, na mwenye ulimi mtamu ndiye atakayepata tuzo. Sisi twaona yafaa kwanza kufikiri, neno hili ni la namna gani? Twajibu kwamba ni swali. Na swali lisiloweza kujibiwa "hapana" ni amri tu, hata likivikwa nguo za arusi.

Desturi zetu zampa mshenga kazi ya kusema. Barua ya posa hupelekwa na mtu mzima, na wazee wa upande wa pili hukaa shauri kabla ya kujibu. Hatuidharau desturi hii, maana ina hekima yake: posa ikikataliwa, aibu haimwangukii kijana uso kwa uso, wala nyumba mbili hazipati kuwa adui. Walakini mshenga husema na wazee, naye binti mara nyingi huisikia habari yake mwenyewe akiwa jikoni. Hapo ndipo penye shaka yetu.

Mtumishi wa Ibrahimu alikuwa mshenga hodari kuliko wote. Zawadi zilikwisha kupokewa, baba na ndugu walikwisha kukubali. Hata hivyo Rebeka aliitwa, akaulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Wengine watasema aliulizwa habari ya safari tu. Na iwe hivyo; aliulizwa.

Tena twakumbuka habari za Katharina von Bora. Alitoroka nyumba ya watawa ya Nimbschen wakati wa Pasaka mwaka 1523, akafika Wittenberg pamoja na wenziwe, hana mali. Luther akawa kama mshenga wao, akiwatafutia waume. Kijana mmoja wa Nuremberg, Hieronymus Baumgartner, alipendana na Katharina, kisha akaenda kwao asirudi. Akaletewa mchungaji Kaspar Glatz, akamkataa. Ndipo alipomwambia Nikolaus von Amsdorf waziwazi ya kuwa Glatz hamtaki, bali akiposwa na Amsdorf mwenyewe au na Luther, atakubali. Luther akamwoa tarehe 13 Juni 1525. Mwanamke huyu, maskini na mkimbizi, aliweza kusema hapana. Kwa hiyo ndiyo yake ilikuwa na thamani.

Basi kijana aseme nini? Aseme kwamba ataka kuoa, asizunguke kwa mafumbo miezi sita. Kisha ayaseme yale ambayo angependa yasijulikane: deni alilo nalo, mtoto aliyemzaa mahali pengine, ugonjwa, mama mzee atakayekaa nao nyumba moja. Asiahidi nyumba ya bati naye hana hata kiwanja. Binti akikubali bila kuyajua haya, amemkubali mtu mwingine asiyekuwapo. Naye binti ana wajibu uo huo, maana kweli haidaiwi upande mmoja.

Siku hizi wako wanaopiga magoti mbele ya rafiki zao, pete mkononi, simu zikipiga picha. Magoti hayana kosa. Lakini aliyezungukwa na watu ishirini wenye vigelegele vinywani, atasemaje hapana? Heri kuuliza mahali pa utulivu, na kumpa siku za kufikiri.

Nanyi walimu wa Injili, msiliachie jambo hili swali la madhabahuni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, nalo kanisa huuliza mbele ya mashahidi. Ila swali hilo huja mahari imekwisha kupokewa na ng'ombe wamekwisha kuchinjwa. Mwiteni binti mapema, peke yake, pasipo shangazi wala kaka, mkamwulize kama ameulizwa.

Na kijana akijibiwa hapana? Hapa wengi waliosema vizuri huharibu yote. Asidai sababu mara tatu, asimrudishe mshenga kumwonea binti kwa wazazi wake, asimtangaze kuwa ana maringo. Amshukuru, aende zake. Wala asitume mtu kuzidai kanga mbili alizompa wakati wa Pasaka.