Neno Moja Chini ya Picha

Wasomaji wetu wa siku nyingi watakumbuka kwamba tulipoanza kukusanya picha za wazee wetu na kuziweka pamoja kwenye intaneti, tulikubaliana jambo moja bila ya kubishana sana: kila mwanachama aruhusiwe kuongeza lebo, yaani neno au jina la kuitambulisha picha, ili wengine waipate wakiitafuta. Nani kati yetu hapa Uingereza angeweza kukaa peke yake akazijua sura zote? Mmoja anaijua baraza ya Malindi, mwengine anamjua bwana harusi, wa tatu anakumbuka kwamba gari lile lilikuwa la mume wa shangazi yake.

Na hatukukosea sana. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifanya jambo kama hilo Januari 2008, ilipoweka maelfu ya picha zake za zamani kwenye Flickr na kuwaachia watu isiowajua waziwekee lebo. Katika ripoti yake ya Oktoba mwaka huo ilihesabu lebo 67,176 kutoka kwa watumiaji 2,518, na mambo yaliyobidi kufutwa kwa kutofaa hayakufika 25. Anayedhani kwamba binadamu akifunguliwa mlango lazima avunje vyombo, na azitazame hesabu hizo. Lakini picha zile nyingi zilikuwa za watu wa mbali. Zetu ni za watu ambao watoto wao tunakutana nao maskani, msikitini na kwenye maziko.

Upuuzi ulianza kwa wepesi. Bwana mmoja msafirishaji wa makontena alibandika jina la biashara yake kwenye kila picha ya bandari. Tulimpigia simu, akacheka, akaliondoa. Kijana mmoja alifanya mzaha juu ya pua ya mzee wa watu. Mama yake alimshughulikia kabla yetu. Hayo hayahitaji falsafa.

Kisha likaja neno "msaliti". Lilibandikwa kwenye picha ya timu ya mpira, juu ya kijana mmoja wa safu ya nyuma. Binti wa kijana yule, ambaye sasa naye ni bibi, aliliona usiku alipokuwa akimtafutia mjukuu wake sura ya baba yake. Alituandikia mstari mmoja tu: amemsaliti nani?

Tukamuuliza aliyeliweka. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na alisema ni kweli na anayo ya kueleza. Huenda. Sisi tulioyaishi au kuyarithi ya 1964 na miaka iliyofuata tunajua kwamba kila nyumba ina lake. Basi andika, tulimwambia, useme nini, lini, kwa nani, na utie jina lako. Mpaka leo hajaandika.

Hapo ndipo tulipofahamu hatari ya lebo. Ukisema fulani alimsaliti fulani, umesema maneno yanayoweza kuulizwa na kukanushwa, na wewe mwenyewe unaweza kuitwa uyathibitishe. "Msaliti" peke yake halijibiki. Linakaa chini ya sura ya mtu kama kwamba kamera ndiyo iliyosema. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita wapiga picha wa Unguja, akina A. C. Gomes na ndugu Coutinho, waliuza kadi za posta, na nyingi zilikuwa za namna hiyo hiyo: sura ya mwanamke, na chini yake jina la kabila au la jamii, basi. Jina lake mwenyewe hakuna. Aliyeinunua kadi hakuwa na haja ya kujua zaidi.

Tukaweka kanuni. Lebo iseme kinachoonekana au kinachoshuhudiwa: mahali, mwaka, jina, shughuli. Kila lebo ionyeshe nani kaiweka. Na anayetajwa, au watu wake, wakitaka iondoke, iondoke. Tuliridhika nayo kama miezi mitatu.

Ipo picha ya watoto wanne wamekaa kwenye ngazi za nyumba moja ya Vuga, na nyuma yao amesimama mwanamke. Watoto wote waliwekewa majina, mwanamke aliwekewa "yaya". Familia ya nyumba ile ikatutaka tuliondoe neno hilo, kwani, walisema, ni la kumdhalilisha. Yule alikuwa mtu wa nyumbani. Tukaliondoa upesi na tukajisifu. Wiki mbili baadaye alitupigia mjukuu wa mwanamke yule. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuuma. Alisema bibi yake alifanya kazi katika nyumba ile miaka mingi kwa mshahara mdogo, na kwa mshahara huo ndiyo aliwasomesha wanawe. Mkiliondoa "yaya", alisema, picha inasema alisimama pale bure.

Tulikuwa tumejitayarisha kuwazuia wanaobandika. Wanaobandua hatukuwafikiria. Na tulipouliza, tuliwauliza wenye majina, maana asiyekuwa na jina hatukujua pa kumtafutia watu wake.

Sasa ombi la kufuta hukaa siku 30 likionekana na wote, na hatuligusi mpaka tumewatafuta jamaa wa kila aliyemo pichani. Kazi imezidi, na wajumbe wawili wamejiuzulu. Wapo wanaosema tufunge mlango, wazee watatu tu ndio waandike. Tunawaelewa. Ila wazee watatu waliopendekezwa wote ni wa Mji Mkongwe, na picha zilizobaki bila ya majina nyingi ni za Ng'ambo na mashamba.

Picha ya Vuga ina majina matano sasa. Chini ya la tano mjukuu amelirudisha "yaya", na pembeni pameandikwa jina lake yeye aliyeliweka. Ile ya timu ya mpira, binti mtu ameitia lebo mwenyewe: mlinda mlango, 1962.