Tai Hajinyonyoi: Swali la Kufanywa Upya

Miongoni mwa maswali ambayo teolojia ya Kikristo haijaacha kuyauliza ni hili: mtu anapofanywa upya, je, huvuliwa utu wake wa zamani wote kwa mara moja, au hubadilishwa kidogo kidogo huku akiendelea kuishi, na katika kazi hiyo, lipi hutoka kwake mwenyewe na lipi hupewa? Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki swali hili hujibiwa mimbarani kwa kisa cha tai. Husimuliwa kwamba tai akifikisha miaka 40 hupanda mlimani, hupiga mdomo wake jabalini mpaka uvunjike, hungoja uote mwingine, kisha hujing'oa kucha na manyoya, na baada ya siku 150 hushuka akiwa kijana wa kuishi miaka 30 zaidi. Kisa hicho huambatanishwa na Zaburi ya 103, ambayo inamtaja tai inapozungumzia ujana unaorejeshwa. Lakini zaburi hiyo haina mlima wala jabali, na tai wa kweli hafanyi lolote kati ya hayo. Kwa kuwa mahubiri ya namna hii huwaendea hasa watu waliofikwa na msiba, yakiwafundisha namna ya kuuelewa, ukweli wake si jambo la kupuuzwa.

Unyoya uliokomaa hauna uhai. Umeundwa kwa keratini, protini ngumu ambayo ndiyo pia hufanya kucha, na kwa hiyo ukichakaa kwa jua, vumbi na msuguano wa matawi hauwezi kujitengeneza. Hauna budi kubadilishwa. Mabadiliko huanzia chini, ndani ya kifuko kidogo cha ngozi ambamo kila unyoya umesimama, ambako chembe hai huanza kuunda unyoya mwingine, nao unapokua huusukuma nje ule wa zamani. Unyoya mchanga hulishwa kwa damu, na ukishafikia urefu wake damu hiyo hurudi nyuma. Utaratibu huu una uzito mkubwa kwa swali lililoulizwa, kwa maana wa zamani haung'olewi ili mpya upate nafasi, bali mpya, ambao bado hauonekani, ndio unaouondoa wa zamani. Ndege wa kufugwa anayejinyonyoa mfululizo huhesabiwa na waganga wa mifugo kuwa mgonjwa au mwenye dhiki.

Furukombe, yaani tai mla samaki anayeonekana katika Ziwa Burigi, hubadili manyoya machache ya mabawa kwa wakati mmoja, na kwa tai wakubwa duru nzima huchukua zaidi ya mwaka mmoja, hata bawa moja likawa na manyoya ya rika mbalimbali. Hakuna siku anayoacha kuwinda kwa sababu hiyo. Mdomo wake hukua daima na kulika daima, na angeuvunja angekufa kwa njaa kabla ya kuota mwingine.

Hata hivyo wapo ndege wanaovuliwa kweli. Mabata wengi hupoteza manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, wakakaa majuma kadhaa bila kuweza kuruka, wamejificha katika matete na mafunjo ya mabwawa kama yale yanayoandamana na Mto Kagera. Jike wa aina ndogo za hondohondo huingia katika shimo la mti, huuziba mlango kwa udongo na kinyesi na kuacha ufa mwembamba tu, kisha hupukutisha manyoya ya mabawa na mkia karibu yote kwa pamoja huku akiatamia, naye dume humlisha kupitia ufa huo. Hapa panapatikana jambo ambalo kisa cha mlimani kimelisahau kabisa: kiumbe kinachovuliwa kwa mara moja hakiokoki kwa ushujaa wake, bali kwa maficho na kwa chakula kinacholetwa na mwingine.

Benaco, wilayani Ngara nchini Tanzania, ilipata kuwa mahali pa watu waliovuliwa namna hiyo. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na kambi iliyozuka hapo ikawa kubwa kupita nyingine zote duniani kwa wakati huo. Maficho na chakula walivipata, na wenyeji wa Ngara waliulipia ukarimu huo kwa miti na maji yao. Lakini haki inataka isemwe pia kwamba miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioshiriki mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na kwamba viongozi wao wa tarafa waliendelea kuwa na nguvu ndani ya kambi. Nyumba, mashamba na nchi vilikuwa vimewatoka, ila moyo wa baadhi yao ulikuwa uleule. Kuvuliwa, basi, si kufanywa upya, na mhubiri anayemwambia mtu aliyepoteza kila kitu kwamba hasara ndiyo mwanzo wa ujana wake anamwambia neno ambalo hata maumbile hayalishuhudii.

Wakati nao una sheria yake. Ndege wengi hubadili manyoya baada ya kulea makinda, kwa sababu kazi zote mbili hudai lishe nyingi. Na karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, mvua na chakula huongoza majira hayo zaidi ya jua. Unyoya uliokua katika njaa au hofu mara nyingi hubeba mstari hafifu unaoukatiza, na hapo ndipo huvunjika kirahisi. Vivyo hivyo, serikali ya Tanzania ilipotangaza mapema Desemba 1996 kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo, tarehe ya safari iliweza kupangwa, lakini ukuaji wa ndani haupangiwi tarehe.

Mwanzoni mwa karne ya 5 mwanateolojia Augustino alimpinga Pelagio, aliyetegemea zaidi nguvu ya mtu mwenyewe, akishikilia kwamba hata nia njema ya mtu hutanguliwa na neema, yaani wema wa Mungu usiostahiliwa. Na maumbile ya unyoya, ambamo kilicho kipya hutangulia, yako karibu zaidi na Augustino kuliko na tai wa mimbarani. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka miaka ya 1930 huko Gahini nchini Rwanda, ng'ambo ya Kagera, uliishika sehemu nyingine ya ukweli ulipowataka ndugu zake waungame mbele ya wenzao, tena si mara moja tu bali siku kwa siku. Hapo mfano wa ndege hufikia mwisho wake, kwa sababu ndege hadaiwi chochote kwa manyoya aliyoyaacha, ilhali aliyeua anadaiwa ukweli na waliobaki. Na katika mahakama za kijamii za gacaca, zilizowahukumu watuhumiwa wa mauaji hayo ya kimbari na kufanya kazi Rwanda kati ya mwaka 2002 na 2012, kukiri hadharani kulihesabiwa katika hukumu, lakini hakukuifuta hatia.