Yakini Iliyo Chini ya Bahari

Meli ya utafiti inasimama katikati ya Atlantiki, penye kina cha karibu mita 5,000, na kutuma mlio chini. Huko topeni kuna kufuli la chuma lililokaa gizani mwaka mmoja na nusu likiusubiri mlio huo. Likiusikia, linafunguka. Nanga inabaki, waya mrefu wenye vipimio unaanza kupanda, ukivutwa na maboya ya kioo yaliyovikwa plastiki ya manjano. Mabaharia wanayakodolea macho mawimbi. Maboya yasipoibuka, takwimu zote za kipindi hicho zimekwenda na maji.

Huu ni mradi wa RAPID, ulioanzishwa na Waingereza na Wamarekani mwaka 2004 kwenye latitudo ya digrii 26.5 kaskazini, kuanzia Bahamas hadi upande wa Afrika. Kinachosakwa ni mzunguko mkuu wa Atlantiki: maji ya joto hupanda kaskazini kwa juu, hupoa, huzama, kisha hurudi kusini kwa chini. Kwa wastani hupita takribani mita za ujazo milioni 17 kila sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa haifikii hata sehemu ya kumi ya hapo.

Lakini mzunguko huo hakuna aliyeuona, na hata vipimio vyenyewe havijauona. Vingi vimerundikwa kwenye kingo mbili za bahari, katikati pakiachwa karibu patupu. Kwa kuwa dunia inajizungusha, tofauti ya uzito wa maji kati ya ukingo wa magharibi na wa mashariki inatosha kueleza ni maji kiasi gani yanapita katikati. Hapo huongezwa nguvu ya upepo, pamoja na mkondo wa Florida, uliopimwa kwa miaka mingi (amini usiamini) kwa kebo ya simu iliyolazwa chini ya bahari: maji ya chumvi yakikatiza uga wa sumaku wa dunia huamsha umeme kidogo ndani yake. Kwa hiyo ile milioni 17 haikupimwa mahali popote. Ilikokotolewa.

Je, hiyo ni elimu au ni dhana? Imamu al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal jinsi jicho linavyoiona nyota kuwa ndogo kama dinari, ilhali hesabu zinathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akili ikaziumbua hisia. Ndipo akajiuliza, na akili nayo itaumbuliwa na nani? Yeye alitulizwa na nuru aliyotiwa kifuani na Mola. Mwanasayansi wa bahari, akiwa kazini, hana hakimu ila kipimo kinachofuata.

Na hakimu huyo ni mkali. Mwaka 2005 Harry Bryden na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba mzunguko ulikuwa umepungua kwa asilimia 30, kwa kulinganisha safari tano za meli kati ya 1957 na 2004. Kisha zikaja takwimu za mwaka wa kwanza wa RAPID, mradi ambao Bryden mwenyewe alikuwamo: ndani ya mwaka huo mmoja mtiririko ulishuka hadi milioni 4 na kupanda hadi 35. Safari tano katika nusu karne zisingeweza kutofautisha ugonjwa na kupumua kwa kawaida. Halafu mwaka 2009 na 2010 ukapungua kweli kwa takribani asilimia 30, ukakaa hivyo zaidi ya mwaka, ukarejea.

Jopo la kimataifa la tabianchi lilisema mwaka 2021 kuwa kudhoofika kwa mzunguko huo karne hii kunaelekea sana kutokea. Kwamba hautaporomoka ghafla kabla ya 2100, imani yao ni ya kiwango cha kati tu. Wanaodai yakini kamili kabla ya kupunguza moshi wa viwanda, unaochochea kudhoofika huko, wangefaa kuwauliza mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu. Msafiri asiyejua kibla hujitahidi kutafuta dalili, akaswali kwa dhana iliyo na nguvu zaidi. Haambiwi angoje mpaka wakati umpite.

Ila mfano huo una mpaka wake. Anayekosea kibla hamdhuru mtu. Mzunguko ukidhoofika sana, ukanda wa mvua za tropiki unatarajiwa kusogea kusini, mbali na Sahel, na mkulima wa mtama wa huko hakuulizwa dhana yake ni ipi.