Kazi ni Kazi?

Kuna maneno matatu ambayo kila kijana wa Nairobi ameshayatamka, au ameshaambiwa na mjomba wake: kazi ni kazi. Una digrii na unauza mitumba Gikomba? Kazi ni kazi. Umepata usoja wa usiku kwenye kampuni ya kamari, na mamako hataki hata kulisikia neno kamari? Kazi ni kazi, bana. Landilodi hapokei maadili. Mimi pia nimeyasema, na siyajutii. Ila siku hizi najiuliza: je, kila mtu ana haki ya kuyasema?

Swali lilinijia nikisoma habari za Bath, mji mdogo wa jimbo la Maine, Marekani. Mji wenyewe hauna hata watu 10,000, lakini kando ya mto Kennebec kuna kiwanda cha kuunda meli, Bath Iron Works, kilichoanzishwa 1884. Kinaajiri maelfu ya watu, na kazi yake kubwa ni manowari za Jeshi la Wanamaji. Susan Collins, seneta wa Maine tangu 1997, amekipigania kiwanda hicho mwaka baada ya mwaka, bajeti baada ya bajeti. Hoja zake ni mbili na hutembea pamoja: usalama wa taifa, na ajira za watu wake.

Ni rahisi kukaa kwenye mkahawa na Wi-Fi ya bure ukasema huyo anauza vita. Tusidanganyane. Fundi wa kuchomelea meli hapatikani kwa tangazo la gazeti. Kumfundisha huchukua miaka, na kiwanda kikikaa bila oda, mafundi hutawanyika na ujuzi wao. Sisi wa pwani hii tunalijua hilo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari wa chuma, kiliacha kuundwa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ukitaka kujua ulivyokuwa, uliza makumbusho.

Na meli hizo si mapambo. Oktoba 2023, manowari USS Carney, iliyoundwa Bath, ilidungua makombora na droni zilizorushwa na Wahouthi kutoka Yemen, katika Bahari ya Shamu. Miezi iliyofuata, mashambulizi dhidi ya meli za mizigo yalizifanya kampuni nyingi kuzungusha meli zao Rasi ya Tumaini Jema. Njia hiyo ya Bahari ya Shamu ndiyo mlango wa bidhaa kati ya Mombasa na Ulaya. Kwa hiyo siwezi kusema jasho la Bath halinihusu.

Sasa tazama upande wa pili. Kiwanda hichohicho, kwa mikono ileile, kiliunda manowari tatu za aina ya Zumwalt. Collins alikuwa miongoni mwa waliozipigania. Mpango wa mwanzo ulikuwa meli 32. Gharama zikapanda, zikabaki tatu, kila moja ikimeza mabilioni ya dola. Kila meli ilifungwa mizinga miwili mikubwa ya kupiga shabaha za nchi kavu kutoka mbali. Lakini kwa kuwa meli zilipungua, bei ya risasi moja ya mizinga hiyo ilifika karibu dola 800,000. Mwaka 2016 Jeshi la Wanamaji likaachana na mpango wa kuzinunua. Mizinga ilikuwepo, risasi hazikuwepo. Kosa halikuwa la aliyechomelea. Yeye alifanya kazi safi.

Hapo ndipo maneno yetu matatu yanapogawanyika. Fundi wa Zumwalt ana haki ya kusema kazi ni kazi. Alipewa mchoro akaufuata, akalisha watoto. Hakuchagua mizinga wala adui. Anayesaka mkate husema hivyo kwa sababu nafasi yake ya kuchagua ni finyu. Mheshimiwa anayo nafasi. Ameshika kalamu juu ya fedha za umma, na angeweza kuomba meli nyingine, au reli, au hospitali. Akisema "kazi ni kazi", ameazima sentensi ya mnyonge ili akwepe swali aliloulizwa yeye: chombo hiki ni cha nini?

Najua seneta atajibu kwamba hajawahi kutenganisha ajira na usalama. Sawa. Lakini hoja mbili zikitembea bega kwa bega, moja hubeba nyingine inapochoka, na sisi watazamaji hatuoni ni ipi imelala mgongoni. Basi zitenganishe kwa muda. Kama kiwanda kingekuwa jimbo lingine, bado ungeitaka meli hii? Ukisita, usalama ulikuwa kanzu tu. Na kama oda ingekuwa ya feri za abiria, ungeipigania kwa nguvu zilezile? Ukisita, hukuwa ukipigania ajira.

Wafanyakazi wenyewe hawakudanganyika kwamba kazi ni kazi tu. Juni 2020, katikati ya korona, wanachama wapatao 4,300 wa chama chao waliweka zana chini kwa takriban miezi miwili. Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya wakandarasi wa nje na haki za wafanyakazi wakongwe. Fikiria: dunia nzima inalilia ajira, na watu wenye ajira wanagoma kwa sababu ya namna wanavyofanyishwa kazi. Walijua mshahara ni sehemu ya kazi, si kazi yote.

Wachumi kama Robert Pollin na Heidi Garrett-Peltier wamekadiria kwamba fedha za jeshi zikipelekwa kwenye elimu au afya huzaa ajira nyingi zaidi. Nawaamini. Lakini mchomeleaji wa miaka 50 hageuki nesi Jumatatu asubuhi, na mji wa kando ya mto hauhami. Ndiyo maana lawama haimwangukii yeye. Wapinzani wa vita ambao kwa miaka wamesimama nje ya lango la Bath wamekuwa wakitaka kiwanda kiunde vitu vya amani. Kama hilo linawezekana, wa kulipanga mapema ni mwenye kalamu.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Manowari yetu KNS Jasiri iliagizwa 2003, ikaundwa Uhispania, ikafika Mombasa 2012 baada ya mzozo mrefu juu ya mkataba wake. Sisi tulilipa, mafundi wa Uhispania wakapata kazi. Leo tuna Kenya Shipyards Limited, chini ya Wizara ya Ulinzi, na Kisumu imeshaunda MV Uhuru II, meli ya mizigo ya ziwani. Naifurahia sana. Iko siku mheshimiwa atasimama Kisumu au Mtongwe aahidi manowari na ajira kwa vijana, na makofi yatapigwa. Nami huenda nikapiga, maana nina binamu wawili wanaozunguka na bahasha za vyeti.

Ila nikishapiga makofi, nitanyoosha mkono niulize. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zunguka na usalama nyuma, zunguka na ajira mbele, mwisho utarudi tumboni mwa chombo. Hebu tuambie, mheshimiwa: humo ndani tumepakia nini, na tunakipeleka kwa nani?