Abiria Anayenyamaza

Likizo ikifika, baadhi yetu hutoka Kampala kwa basi hadi Mombasa, kisha hukodi gari na marafiki kuelekea Malindi. Ni takriban kilomita 120: daraja la Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi, halafu njia ya kwenda magofu ya Gede. Macho hayashibi.

Tuseme rafiki aliyeshika usukani anakimbiza gari. Wote mnaogopa, lakini hakuna anayesema, asije akaharibu raha ya wenzake. Je, abiria anayenyamaza ana lawama?

Wengine husema usukani si wake. Ni kweli, lakini barabara nayo si ya dereva. Pembeni yupo mtoto anayetoka shule na mama aliyebeba ndoo ya maji. Hao hawakuulizwa kama wanakubali hatari hiyo. Aliye ndani ya gari ndiye anayeweza kuwasemea mapema, kwa hiyo ana lawama.

Mtume (s.a.w.) aliagiza watu watatu wakisafiri wamchague mmoja awe amiri wao. Basi tumchague kabla ya kuwasha gari, na dereva akubali mbele ya wote kwamba akiambiwa "punguza mwendo," atapunguza.