Haki ya Mwenzi Aliye Nyuma

Wako watu wadhanio kwamba maswali ya haki na dhulma yana mahali pake: mahakamani, sokoni na penye kugawanywa mirathi, wala hayamfuati mtu apandapo baiskeli yake kwenda kutembea. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwao, mpaka mwaka jana, katika siku za kaskazi, tulipokwenda Malindi sisi wawili, na mwenzetu mmoja wa darsa akiwa wa tatu.

Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kiasi cha kilomita 120, na Kilifi iko katikati. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, tukapita Bamburi na Shanzu magari yakiwa bado machache, na mpaka Mtwapa tulikuwa pamoja tukizungumza. Hapo upepo ukaanza kutupiga usoni. Kaskazi, kama ajuavyo kila mtu wa pwani, huvuma tangu mwisho wa mwaka mpaka karibu na mwezi wa tatu, na aendaye Malindi kwa baiskeli katika miezi hiyo huipokea kwa kifua. Nguvu zetu zikatengana. Sisi tulikwenda, mwenzetu akabaki. Tukamngoja Kikambala chini ya mwembe. Alipofika tukamwambia, "Haya, twende," tukapanda. Tukamngoja tena Vipingo, ambapo mashamba ya mkonge hayana kivuli cha kumfaa hata mbuzi, na mara ya tatu penye njia panda ya Takaungu. Kila mara tulijisifu moyoni kwa subira yetu. Tulipofika Mnarani, kabla ya daraja la Kilifi, alisema kwamba yeye atarudi. Akapakia baiskeli yake juu ya matatu, akaenda zake, wala hatukuagana vizuri.

Miezi miwili hakuonekana darsani. Aliporudi tulimwuliza ametukasirikia kwa lipi, nasi tulimngoja mara tatu nzima. Akajibu, "Ndugu zangu, hamkuningoja. Mlikuwa mkipumzika."

Tuliyaona maneno hayo kuwa makali kupita kiasi. Lakini hesabu haina urafiki, na usiku ule tuliifanya. Chukua mtu aendaye kilomita 20 kwa saa, na mwingine aendaye 15. Katika kila kilomita 20, wa kwanza hutumia saa moja, na wa pili saa moja na dakika 20. Basi yule wa kwanza hukaa kivulini dakika 20, akanywa dafu, jasho likamkauka. Na mara amwonapo mwenziwe anakuja, husimama na kusema "twende". Kwa kilomita 60 mwenye nguvu amepumzika saa nzima, na mnyonge amekanyaga saa nne juani bila ya kupumzika hata kidogo. Aliyehitaji mapumziko ndiye aliyenyimwa, na aliyemnyima anajihesabia thawabu ya subira!

Wazee wetu katika njia hiyo hiyo hawakuweza kukosea hivi kwa wepesi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri alivuka kwa feri. Aliyetangulia alikaa ukingoni kungoja chombo, na aliyechelewa aliweza kumkuta papo hapo, wakavuka pamoja. Hatusemi feri irudi. Aliyepata kukwama ukingoni juani hatatusamehe neno hilo. Twasema tu kwamba zamani maji yalitufanyia sehemu ya kazi ya adabu, na sasa kazi yote imebaki mikononi mwetu.

Atasema mtu: nguvu ni neema, kwa nini mwenye mbio ajizuie kwa ajili ya asiye nazo? Kila mmoja na aende kwa kadiri ya uwezo wake, wakutane Malindi. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Hapana sharia imlazimishayo mtu kuandamana na mwingine. Lakini asemaye "twende" ameuza sehemu ya mbio zake, na thamani aliyopokea ni kuwa na mtu njiani: wa kumshikia baiskeli tairi ikipasuka, wa kuita watu akianguka. Hawezi kupokea thamani kisha akaizuia bidhaa. Tena Jabir bin Abdillah amepokea, katika hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, habari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa safarini akikaa nyuma ya watu kwa ajili ya wale walio dhaifu. Nyuma, wala si mbele chini ya mwembe.

Hata hivyo, mwenzetu naye hana budi kuulizwa. Baadaye alikiri kwamba goti lilikuwa likimuuma tangu Mtwapa, na kila tulipomwuliza, "U mzima?" alijibu, "Mzima." Twaifahamu sababu, aliona haya. Lakini afichaye udhaifu wake huwafanya wenziwe kuwa madhalimu bila ya kujua, na hiyo nayo si haki. Darsani mwetu ni vivyo hivyo: mwalimu huuliza, "Mmefahamu?" wote hujibu, "Tumefahamu," na kitabu huenda mbele kikiwaacha nusu ya watu Kikambala.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu tulikwenda tena sote watatu, kaskazi ikivuma vile vile. Hapo tukaona kwamba nia njema haitoshi. Tukimweka mwenzetu mbele, mwendo ni wake, lakini upepo wote ni wake pia; na upepo ndio mzigo mkubwa wa mpanda baiskeli katika njia tambarare, kwani mbio zikizidi mara mbili, uzito wa hewa huzidi mara nne. Tukimweka nyuma yetu, twamkinga upepo, lakini atalazimika kufuata mwendo tuuchaguao sisi, na akiachwa hatua chache tu, kinga yote imekwisha. Tulijaribu hivi na hivi mpaka Vipingo. Mwishowe sisi wawili tulipokezana mbele, naye akakaa nyuma karibu, na aliyetangulia akaenda kwa sikio: maadamu anasikia mnyororo wa baiskeli ya mwenzetu unalia, ni sawa, sauti ikififia, hupunguza, bila ya kugeuka na bila ya kuguna, maana kuguna ni aina nyingine ya kumwacha mtu. Tulipopumzika, yeye ndiye aliyesema "twende".

Tulipita msitu wa Arabuko-Sokoke polepole kuliko tulivyopata kuupita, tukaingia Malindi karibu na magharibi, tumechoka sote kwa kiasi kimoja.

Mwezi wa saba, Inshallah, kusi ikitusukuma migongoni, tutakwenda tena. Katika kusi mtu aendaye Malindi hahitaji kukingwa, na mwenzetu ameomba yeye atangulie. Tumekubali, ingawa mmoja wetu ameanza kuuliza itachukua saa ngapi.